Nilivyong'oa viti vya nyuma vya gari nipate nafasi, mkwe akanirudisha na gari tupu

Wakuu, salaam. Wale wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nimeona humu vijana mnaulizana kama ni sawa kutoa viti vya nyuma kwenye SUV ili mpakie mizigo. Kaeni niwaambie.

Mwanangu Shabani ana gari la safu tatu za viti, yale marefu ya juu. Mkewe, Zuhura, alikwenda kujifungulia kwa mama yake Msata, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza na kwetu ndivyo inavyokuwa. Zikitimia siku arobaini, upande wa mume wanakwenda kuwachukua.

Na wakati wa kuwachukua, bibi wa kuumeni ndiye anayempakata mtoto njiani, mpaka anavuka naye mlango wa nyumbani. Bibi huyo ni mimi.

Mwezi mzima nilikuwa napiga simu Msata: "Mtoto asipakatwe na mtu mwingine. Nakuja mwenyewe."

Likumbukeni hilo neno.

Sasa, kwenda kwa mkwe mikono mitupu siwezi. Nilikuwa na mchele, nazi, doti za khanga, na kapu la ng'onda, wale samaki wa kukausha juani. Juu ya hayo nilimtengenezea mama yake Zuhura kabati la vyombo kwa seremala wa Bagamoyo mjini. Mtu kamlea mkwe wako na mjukuu wako siku zote hizo, utamshukuru kwa mdomo?

Kabati likagoma kuingia kwenye gari.

Shabani akasema, "Mama, tukodi kirikuu kibebe kabati, sisi tuende na gari letu."

Nikamwambia, "Gari tunalo, kirikuu cha nini? Wakwe watasema hili letu ni la kuazima. Mwite fundi afungue viti."

Fundi alikuja na spana zake. Akafungua kile kirefu cha katikati na vile viwili vya mwisho. Alipomaliza akaniuliza, "Bibi, hivi mnavirudisha lini?"

Nikamjibu, "Nimekuita ufungue viti au unihoji?"

Akakusanya spana zake, akaondoka. Laiti angeendelea kunihoji.

Viti tukaviweka barazani. Siwafichi wakuu, ni vizuri kukalia. Mgongo unaegemea, mapaja yanatulia. Jirani yangu Bi Mwatumu akipita ananiambia, "Leo safari ya wapi, shoga?" Namjibu, "Chalinze, panda twende." Siku tatu tulikuwa abiria pale pale barazani kwangu Mlingotini.

Siku ikafika. Kabati likaingia likalala, mchele pembeni, nazi zikajaza mianya yote, kapu la ng'onda juu. Nikakaa mbele na Shabani, nimevaa khanga mpya, nimejaa raha. Njia nzima nageuka nyuma kuangalia mzigo ulivyokaa. Nikamwambia Shabani, "Unaona akili hiyo?"

Akasema, "Naona, mama."

Naye hakuona kitu. Wawili sisi, watu wazima, hakuna aliyeona.

Msata tulipokelewa vizuri sana. Kabati likashushwa, majirani wakaja kulitazama, mkwe wangu, mama yake Zuhura, akalifungua na kulifunga mara nne. Tukala, dua ikasomwa. Zuhura akatoka amependeza, mtoto kafungwa vizuri kwenye shuka.

Mkwe akamsindikiza mpaka kwenye gari. Akafungua mlango wa nyuma.

Akasimama.

Akaufunga. Akaenda upande wa pili, akafungua ule nao, labda alidhani viti viko huko. Akachungulia ndani. Palikuwa na bati tupu, matundu ya bolti, na nazi moja inabingirika.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "mwanangu anakaa wapi?"

Wakuu, nimezika, nimezaa, nimehamishwa na mafuriko. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Nikasema, "Atakaa mbele na mtoto. Mimi nitapanda basi."

"Haa! Na nani atampakata? Si ulisema asipakatwe na mtu mwingine? Umenipigia simu mwezi mzima, masikio yanauma."

"Basi tutandike mkeka, mimi nikae chini nyuma na mtoto wangu."

"Mjukuu wangu atandikiwe mkeka kwenye bati kama ng'onda? Hapana. Kabati nimelipokea, ahsante, ni zuri. Mzazi na mtoto utawachukua ukija na viti."

Shabani akaanza, "Mama mkwe, nisikilize..."

"Baba, wewe ndiye dereva. Huna kioo cha kuangalia nyuma?"

Zuhura kajifunika mtandio uso mzima. Mabega yanacheka.

Ikabidi tuondoke. Ile nafasi niliyokuwa naitafuta, nikaipata yote. Kutoka Msata mpaka Bagamoyo ile nazi ilikuwa inakwenda huku na huku nyuma yetu, gudu, gudu. Shabani akitaka kucheka anakohoa. Mimi namtazama, anaacha. Ila niwaambie ukweli, macho yangu yalikuwa na maji. Mikono ilikuwa imejiandaa kupakata.

Kufika nyumbani, shangwe. Wanawake wa mtaa wamekuja kumpokea mtoto, uji wa pilipili manga uko tayari, na Bi Mwatumu na wenzake wamejipanga barazani. Wamekaa wapi?

Juu ya viti vya gari.

"Mtoto yuko wapi?" Bi Mwatumu akaniuliza.

Nikamwambia, "Umemkalia. Inuka."

Nilipowaeleza, walicheka mpaka uji ukapoa. Jioni ile ile nikamwita fundi. Alifunga viti vyote huku anapiga mluzi. Huo mluzi niliuelewa.

Asubuhi tukarudi Msata. Mkwe hakunisalimia kwanza. Aliingia kwenye gari, akakaa kila kiti, akajirusha, akavuta mikanda. Kile cha mwisho akakitikisa kwa mikono miwili. Ndipo akashuka, akasema, "Karibu mkwe wangu," akanipa mtoto mikononi.

Halafu akaleta zawadi za kurudishia: mahindi gunia, maboga sita na jogoo. Nafasi hakuna! Nilikaa nyuma na mtoto mapajani, maboga chini ya miguu, jogoo ananipiga mbawa ubavuni mpaka Mlingotini. Nikavuka mlango na mjukuu wangu.

Nilichojifunza: mimi nilipanga safari ya kwenda, ya kurudi sikuipanga. Kabla fundi hajagusa bolti, taja kwa majina watu watakaorudi na hilo gari. Bolti zenyewe weka kwenye kopo moja, lifunikwe. Na viti usiviweke barazani, utavizoea.

Mkwe mpaka leo akipiga simu haulizi hali. Anauliza, "Viti vipo?"

Aliyewahi kung'oa viti aandike hapa chini yaliyomkuta. Wa kunicheka anicheke, ruhusa, ila aanze na shikamoo.