Mliouliza yule bosi wa karasha kwenye tamthilia kalelewa na nani: kalelewa na mimi

Wakuu, mwangaluka.

Ndivyo tunavyoamkiana asubuhi huku usukumani. Ukiusoma uzi huu jioni, ipokee hivyohivyo.

Mimi ni bibi wa Nyasubi, Kahama. Shule niliishia la tatu, kuandika vizuri nimejifunza ukubwani, kwa hiyo herufi zikigongana msinipigie kelele. Haya ninayowaletea nimeyaona kwa macho yangu. Nisichokiona nitasema nimeambiwa.

Juzi humu kulikuwa na uzi wa ile tamthilia ya machimbo. Ile yenye bosi mwanamke, mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.

Nilikuwa nasoma komenti moja moja huku nacheka peke yangu jikoni.

Nikafika kwa mmoja ameandika: "Yule dada haigizi. Mtu anayemwitikia mzee marahaba vile, kakunja nne, ndivyo alivyo hata kwao. Sijui kalelewa na nani."

Chini yake mwingine akaongeza: "Watoto wa mboga saba hao. Hata ufagio hawajawahi kushika."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikasoma tena.

Halafu nikamshukuru Mungu. Najua mnashangaa. Subirini.

Yule bosi ni mjukuu wangu, anaitwa Limi. Mama yake aliolewa mbali, mtoto akabaki kwangu tangu hajaota meno. Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, mlezi ndiye huyu anayekuandikia.

Lakini kwanza nimalizane na huyu wa ufagio.

Nimefika lokesheni kwao, pale wanapopigia picha, zaidi ya mara moja, nimekaa nao, nimekula nao. Hakuna mboga saba pale. Wengi mboga yao ilikuwa mlenda, na siku nyingine mlenda wenyewe ulikuwa wa jana.

Yule mnayemuona mchungaji, anayelia akiwaombea wachimbaji, alikuwa mnadishaji wa ng'ombe mnadani. Koo lile halikukuzwa na mahubiri, limekuzwa na mafahali. Wameniambia siku za mwanzo alipokuwa anamwombea mgonjwa alimnyooshea kidole na kupandisha sauti kila mwisho wa sentensi, mpaka dairekta akasimamisha kazi.

"Mchungaji, huyu mgonjwa hauzwi."

Naye akajibu, "Kwa hali aliyonayo, nani anunue?"

Yule nesi mpole alikuwa anawauzia wali madereva wa malori pale Isaka. Mtazameni vizuri anavyomwekea mgonjwa mkono begani mpaka anakaa. Mkono ule umekalisha wanaume wenye njaa wanaowahi kuvuka mpaka. Hakuna aliyemfundisha.

Na yule polisi, jamani!

Yule alikuwa mchimbaji wa kuvizia. Anaingia kwenye maduara ya watu, mashimo ya watu, bila ruhusa. Nikamuuliza, "Wewe baba, mwendo wa polisi umeupata wapi?" Akaniambia, "Bibi, nimeuangalia miaka mingi nikigeuza shingo nyuma, huku nakimbia."

Nilicheka mpaka nikashika mti.

Limi wangu yeye alikuwa anafanya kazi karashani, upande wa Geita. Kupakia mawe, kuzoa unga wa mawe, kutwa nzima vumbi. Akija likizo kwangu akioga maji yanakuwa kama uji wa ulezi. Na sauti yake ilikuwa ya karashani, maana ile mashine ikinguruma usipopiga kelele hakuna anayekusikia. Hata akiniomba chumvi mezani jirani anatoka nje kuangalia nani anapigwa.

Hao watu wa tamthilia walikuja pale karashani kutafuta mahali pa kupigia picha. Kijana wa kamera akawa anarudi kinyumenyume, jicho kwenye kioo chake, mpaka karibu na mkanda wa injini. Mkanda ule ukishika suruali yako, unakupeleka wewe na ukoo wako.

Limi akampigia kelele: "Wewe baba wa kamera! Toa mguu hapo! Mkanda huo haujui staa!"

Kijana akaruka. Dairekta hakumwangalia kijana, alimwangalia Limi. Akauliza, "Huyu dada ni nani hapa?" Wakamwambia mzoa mawe tu. Akasema, "Kwangu mimi huyu ndiye mwenye karasha."

Ndivyo alivyopata kazi. Kwa kelele. Zile kelele nilizokuwa namwambia zitamkosesha mume.

Mambo yakaenda vizuri. Kufokea vibarua aliweza. Kugombana na polisi aliweza. Dairekta akawa anamsifia mpaka mimi nikaanza kutembea sokoni nimenyoosha shingo kama mbuni.

Kisha ikaja hii sehemu mnayoizungumzia.

Kuna kibarua mzee kwenye ile hadithi, Mzee Luhende. Jina lake la kweli ni hilohilo. Katika hadithi mzee amefukuzwa kazi, anakuja kwa bosi kuomba arudishwe. Anavua kofia, anainama, anamwambia yule binti, "Shikamoo bosi." Na bosi, kakunja nne, haangalii hata uso wake, anajibu, "Marahaba."

Basi. Neno moja.

Limi likamshinda.

Sasa wakuu wa mjini mnaweza kusema, neno moja linamshindaje mtu mzima? Ngoja niwaeleze. Sisi mtoto wa kike akimwona mkubwa, goti linashuka lenyewe. Limi nilimfundisha akiwa anatambaa bado. Akisahau, namfinya sikio. Na sijutii, msinihubirie. Shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, kama maji yanavyoshuka mlima. Leo unamwambia ayapandishe.

Wameniambia mara ya kwanza Mzee Luhende alipomwamkia, Limi aliruka kwenye kiti akapiga goti, akajibu, "Shikamoo baba." Watu wakacheka.

Mara nyingine akabaki kwenye kiti lakini hakuitika, akatazama chini kama aliyeiba.

Nyingine akaitika, marahaba yenyewe ya kunong'ona, goti moja limeshaanza kushuka. Mchungaji akauliza, "Bosi amebanwa haja?"

Ikafika mahali hakuna anayecheka.

Dairekta si mtu mbaya, msimseme. Alimwita pembeni akamweleza kwa upole. Pale ndipo watu wanatakiwa wamchukie bosi, wasipomchukia pale hadithi yote inakuwa uji wa maji. Akampa siku moja. Ikishindikana, kuna binti kutoka Mwanza ameshaitwa, na zile sehemu zote za Limi zinarudiwa na huyo binti.

Limi akaja kwangu asubuhi, macho yamevimba. Mimi niko kwenye mkeka nakata viazi vya michembe, vile vya kuanika juani. Akanisimulia huku analia.

"Bibi, nitarudi kuzoa mawe."

Nikamwambia, "Vuta kile kigoda ukae. Kunja nne."

"Bibi, kigoda hakikunjiwi nne."

"Kunja hivyohivyo, bosi wewe."

Mnajua bibi na mjukuu ni watani. Mimi tangu mdogo namwita mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa anampendelea, nikipika kuku paja ni la Limi. Kwa hiyo nikaona hapa utani utusaidie.

Nikaweka kisu chini. Nikainuka na magoti yangu haya yanayolia kama mlango wa zizi. Nikashika kanga yangu mikono miwili, nikainama mbele ya mtoto niliyemfuta mafua.

"Shikamoo bosi."

Akaangua kicheko, akaanguka na kigoda.

Nikarudia. Akacheka tena, akaanza kulia tena, sijui hata alikuwa anafanya lipi. Nikamfokea, "Mimi nimeinama hapa mgongo unauma, unacheka nini? Niitikie nikakate viazi!"

Akasema, "Marahaba, mke mwenzangu."

Ilitoka. Lakini ilitoka na meno yote nje. Nikajua bado. Kwangu ni mchezo, kwa Mzee Luhende hakuna mchezo.

Akaniambia, "Bibi, twende wote kesho."

Nikafunga viazi vyangu, kesho yake nikaenda naye.

Kufika pale, jambo la kwanza nililoliona ni yule binti wa Mwanza. Mzuri, mpole, ameniamkia vizuri. Anapakwa poda tayari kwenye kiti. Moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye kandambili.

Wakaanza. Mzee Luhende akavua kofia, "Shikamoo bosi."

Limi mdomo umefunguka, neno halitoki. Goti nimeliona mimi mwenyewe linataka kushuka.

Dairekta akasema kata. Akageuka kumwangalia binti wa Mwanza.

Hapo Mzee Luhende akanyoosha mkono, "Dairekta, nipe kidogo na huyu mtoto."

Akaja akachuchumaa karibu na kiti cha Limi. Mimi nilikuwa karibu, nimesikia yote.

Akamwambia, "Mwanangu, unajua mimi nimefanya kazi gani?"

"Sijui, baba."

"Kupakia mizigo Isaka. Magunia, saruji, kila kitu kinachoenda na treni na malori. Asubuhi tunajipanga, anakuja kijana wa kuchagua watu. Umri wa mwanangu wa mwisho. Mimi nilikuwa namwamkia shikamoo. Ya kweli, si ya kamera. Ili anichague."

Limi akainamisha kichwa.

"Sikiliza sasa. Kumwamkia hakukuniuma. Njaa haina umri. Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anaitika. Shikamoo yangu inabaki pale hewani, wenzangu wanaiangalia. Wewe unanionea haya, nakushukuru, umelelewa. Lakini kila usiponiitikia unanirudisha Isaka kwenye ule mstari. Niitikie, mwanangu. Hata kwa dharau, niitikie."

Akainuka, akavaa kofia yake ili apate ya kuvua.

Wakaanza tena. Mzee akaja, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo bosi."

Limi alikuwa amekunja nne. Akaangalia kucha zake. Akachelewa, akachelewa tena, mpaka nikafumba macho. Halafu kwa ile sauti ya karashani, lakini imeshushwa chini kama moto wa mkaa, akasema:

"Marahaba."

Wakuu, nilisikia baridi saa sita mchana. Nilimchukia. Mimi, bibi yake! Mkono ulishaanza kutafuta kandambili nikamchape.

Dairekta akasema kata. Watu wakapiga makofi. Binti wa Mwanza naye alipiga makofi, Mungu ambariki, na baadaye wakamtafutia nafasi ya mdogo wake bosi. Ndiye yule mnayempenda.

Na Limi?

Alitoka kwenye kiti kama ameungua. Magoti yote mawili chini, kwenye vumbi, na gauni lao la gharama.

"Shikamoo baba."

Mzee Luhende akamwangalia. Hakuitika. Akakaa kwenye kile kiti cha bosi polepole, akakunja nne, akaanza kuangalia kucha zake zile zilizopasuka.

Limi chini, machozi yameshaanza.

Mzee akachelewa kabisaaa. Halafu meno yake matatu ya mbele yakatokea.

"Marahaba, bosi. Inuka, unaharibu nguo za watu."

Alicheka yule mzee mpaka kikohozi kikamwinua kwenye kiti. Nesi wa Isaka akamletea maji, akamwekea mkono begani, akakaa.

Basi ndiyo hiyo sehemu mliyoiona. Hapa mtaani tuliiangalia dukani kwa jirani yangu Mama Zuhura anayeuza vitenge, yeye ana televisheni kubwa. Bosi alipoitika, Mama Zuhura akasema "Astaghfirullah!" akanigeukia, "Bi mkubwa, huyu si Limi wetu anayenipigia goti hapa mlangoni?"

Nikamwambia ndiye.

Akasema, "Basi kazi anaiweza."

Ndiyo maana niliposoma ile komenti nilishukuru. Mkuu uliyeandika, hukumtukana mjukuu wangu. Umempa shahada. Mimi niliyemfinya masikio nilimchukia, itakuwa wewe? Na anayezoa mawe akaaminika kuwa bosi, mpakia mizigo akamtoa machozi mtu aliye Dar, hilo ni jambo la kushukuru tu.

Namshukuru Mzee Luhende. Angeweza kununa. Angeweza kusema watoto wa siku hizi. Yeye akachukua jambo lililomuuma akampa mtoto wa mtu ale nalo mkate.

Nilichojifunza na uzee wangu huu: heshima niliyoijua mimi ilikuwa ya kuamkia. Sikuwahi kuifikiria ya kuitikia. Sasa hivi hata mtoto wa kuokota makopo akiniamkia barabarani nasimama, naweka ndoo chini, naitika mpaka mwisho.

Na ninyi mnaofungua televisheni na kusema huyu ndivyo alivyo, ulizeni kwanza kabla ya kamera alikuwa anabeba nini.

Haya, uwanja wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kumjua mwigizaji mwingine alitokea wapi atuambie, mwenye kubisha abishe.

Ila mkija hapo chini, vijana, anzeni na shikamoo. Hata wewe wa ile komenti.

Nitawaitikia wote, mmoja mmoja.