Aliyekaa Kiti cha Kando

Jumatatu, katika gereji moja ya hapa Kamina, nilimkuta mwalimu mstaafu akibishana na fundi juu ya pikapu yake. Alikuwa ameishusha iwe karibu na ardhi ili mkewe, mwenye magoti mabovu, apande bila kubebwa. Tangu hapo gari lilikuwa likitetemeka njiani.

"Papa, tuinyanyue tu kama zamani," fundi alisema.

"Na bibi yangu atapanda namna gani? Atabakia ku nyumba kila siku ya Mungu?"

Mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha mipira ya magurudumu bila mafanikio. Huyu wa tatu naye akaanza kulegeza gurudumu. Ndipo mke, aliyekuwa ameketi kiti cha kando ndani ya gari na mkoba mapajani, akagonga mlango kwa pete yake.

"Bwana yangu akikanyaga gaz, pedali ya mafuta, inatetemeka. Akiondosha muguu, inanyamaza, hata tukiwa mbio."

Fundi akasimama na spana mkononi. "Basi haiko mipira, mama. Ndio kardani. Tangu kushusha gari, ilikaa upande. Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ninyi munauliza tu chofere, ule mwenye kushika usukani."

Fundi akatia vipande vya chuma vya mshazari chini ya springi, na kardani, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ukakaa sawa. Gari likabaki chini vilevile. Walipokwenda kulijaribu, halikutetemeka tena, na mama alirudi amesinzia.

Marehemu mke wangu alikaa kiti hicho cha kando ndani ya gari langu miaka ishirini na miwili. Nilimuuliza mara nyingi kama ana njaa. Gari linatembeaje, sikumuuliza hata mara moja.