Kahawa ya Mama Mkwe

Immakulata wa Kishanda hakuwa mtu wa kukubali jambo kabla hajalichunguza. Kuku akificha mayai, atamfuata migombani kutwa nzima mpaka ajue anataga wapi. Basi moyo wake ulipoanza kwenda mbio akiwa ameketi tu, akauchunguza nao.

Aliona mengi. Jasho lilimtoka mvua ikinyesha, wenzake wamejifunika vitenge. Alimaliza sahani ya matoke, akaongeza, na bado sketi ilimpwaya. Mikono ilitetemeka. Macho yalimtoka mpaka mumewe, Ildefons, akamuuliza kwa utani amemkosea nini. Kwetu mtu akikonda majirani wana jibu tayari, kwa hiyo alikwenda zahanati kupima virusi vya Ukimwi, akakutwa hana.

Kisha akagundua kwamba moyo humdunda zaidi akitafuna akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hukaribishwa nazo. Alifurahi kama amemnasa mwizi! Akaapa kutozigusa tena, na nyumba ya kwanza kuingia ikawa ya mama mkwe wake, Agnetha. Bibi alimpa kikapu cha akamwani kwa mikono miwili, kikarudi vilevile kilivyokwenda.

"Unaogopa nimeweka nini humo?" Agnetha aliuliza.

Maelezo hayakusaidia. Tangu siku hiyo bibi hakukanyaga tena kwa mkwewe, na Immakulata alimpenda kweli. Ndiye aliyemfundisha kazi za nyumba alipoolewa akiwa hajui hata kumenya ndizi vizuri. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Na moyo nao, kahawa haipo, ukazidi kudunda.

Akapanda gari hadi hospitali ya Bukoba. Daktari Sumaiya alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka akamweleza kwamba shingoni kuna tezi inayopanga mwili uende kwa kasi gani, na yake inafanya kazi kupita kiasi.

"Nani anaisukuma?" Immakulata akauliza, amesogeza kiti.

"Kinga ya mwili wako mwenyewe. Badala ya kupambana na wadudu, inaiamrisha tezi iongeze kasi, na tezi inatii."

"Kwa nini inafanya hivyo?"

"Hatujui hasa. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingine hufuata ukoo."

"Na kahawa?"

"Haikuleta ugonjwa. Inauchochea tu moyo ambao tayari unakimbia. Iache kwanza mpaka dawa zitulize tezi. Na ukiona nafuu, usiache vidonge mwenyewe, rudi tupime."

Aliporudi Kishanda hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Agnetha, akapiga magoti, akaushika mkono wa bibi na kuuweka shingoni mwake.

"Waitu, mama," alimsihi kwa Kihaya, "papasa hapa. Niliyekuwa namtafuta yumo humu." Akamweleza yote, kama alivyoelezwa.

Agnetha alipapasa kwa muda mrefu. "Kumbe ni mwili wako wenyewe?"

"Ni mwili wangu, mama. Kahawa yako haikuwa na kosa."

"Na mimi nimenuna bure muda wote huu." Bibi alijifuta machozi, akavuta kikapu, akapasua buni moja. Punje moja akaitia kinywani. Ya pili akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hii ni yako," akasema. "Ukipona utakuja kuidai."