Nusu ya Hadithi ya Mahindi ya Kukaanga

Siku ile ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, walikuwa bado na maji, na Mama Émérence alijua. Mwanamke aliyeanika samaki kwenye mchanga wa Kalemie kwa miaka saba hana haja ya kuwashika. Mlio wao wanapogeuzwa unatosha. Hata hivyo alisimama akasema wamekauka, wakusanywe. Wenzake wakatii, kwa sababu ufukweni pale yeye ndiye aliyezoea kuamua.

Alikuwa ametoka Nyunzu, akikimbia mapigano ya Waluba na Watwa. Alipofika ziwani alikuta wanawake wa pande zote mbili wanatandika nyavu za kuanikia kwenye ufukwe mmoja, katikati wameacha mchanga mtupu wa kupitisha lori. Ni yeye, Mluba, aliyemwita jirani wa ng'ambo ya mchanga huo amsimulie chochote, wasije wakasinzia, kunguru wakawaibia samaki. Jirani huyo alikuwa Mama Arlette, Mtwa, naye wa Nyunzu, mwembamba na mwenye ulimi. Ikawa desturi: kila wakishageuza samaki, mmoja anasimulia, na zamu inafuata mpangilio wa nyavu. Mwaka wa pili nyavu zilikuwa zimesogeleana, lori lisingepita tena pale katikati. Mwenye beseni alipita kiubavu.

Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Mama Émérence. Alichagua hadithi ya bibi yake. Mwindaji wa Kitwa alimpelekea mkulima nyama, akalipwa mbegu za mahindi, kumbe mkulima amezikaanga kwanza. Mwindaji akazipanda, akakaa kando ya shamba kuzingoja ziote. Kabla ya kuanza aliwafundisha wenzake kiitikio: "Ota, ota, Mtwa anangoja." Maneno hayo alikuwa ameyaimba tangu utotoni bila kuyasikia. Aliyasikia siku hiyo, yakitoka kinywani mwa Mama Arlette, aliyeimba kuliko wote.

Alijaribu kumwita mwindaji "mtu mmoja" tu, lakini kiitikio kilikuwa kimeshawakolea. Kila alipotua, kilimrudia. Akaimaliza mbio mbio. Waluba walicheka. Mama Arlette, ambaye zamu yake ilifuata, alikuwa ameshafuta mikono kwenye kitenge, tayari kuanza. Hapo ndipo Mama Émérence aliposema ndagala wamekauka.

Samaki wakaoza ndani ya magunia, wa kila mtu. Mama Arlette hakurudi ufukweni.

Zilipita wiki mbili ndipo Mama Émérence akapata moyo wa kumfuata, na beseni la ndagala kichwani. Alimkuta mbele ya nyumba yake ya turubai, anafunga mkeka kwa kamba.

"Karibu, Mama Émérence. Leo umeleta kavu?"

"Kavu kabisa."

"Muzuri. Nilifikiri macho yako imekufa."

"Dada, unisamehe. Ile hadithi niliipata kwa bibi yangu. Sikuwahi kufikiri inamucheka nani."

"Ile naijua tangu mutoto. Kwetu pia iko." Mama Arlette alikaza fundo kwa meno. "Tena yetu ni ndefu. Ninyi munashukaka njiani."

"Inaendelea?"

"Yule mwindaji alijua mahindi imekaangwa. Alikaa pale kwa sababu mkulima alikuwa anaita majirani kila siku waje kumucheka. Majirani wakija, wanapikiwa. Wakipikiwa, na yeye anakula. Alikula mpaka ghala ikaisha, akaaga, akaenda zake. Kiitikio ni kile kile. Kule mwisho ndio kunakuwa tamu."

Mama Émérence alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikakatika.

"Kwa nini hukuisema siku ile?"

"Ningeisema saa ngapi? Zamu yangu uliikusanya pamoja na ndagala."

"Kesho uje. Utaanza wewe."

"Kesho niko ndani ya lori ya Nyunzu, Mama. Watoto wa dada yangu wamesharudi, wananingoja."

Alipokea ndagala, akaonja mmoja, akaitikia kwa kichwa kwamba ni mkavu kweli.

Siku ya kuanika iliyofuata Mama Émérence aliimalizia hadithi mwenyewe, hatua kwa hatua kama alivyoisikia. Wenzake walisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo umeitunga wewe, Mama," alisema Mama Gisèle, Mluba mwenzake. "Una huruma mingi."

Aliapa kwamba ni ya Mama Arlette. Wakaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mfiwa. Alipoomba kiitikio walikiimba kwa sauti ya chini, kwa adabu, na hadithi ile haitaki adabu.