Fundi Aliyetuhadithia Mpelelezi

Habari za msiba zilinifikia asubuhi moja wiki iliyopita, na sitawaficha wasomaji wangu: nilisikitika, halafu nikaona wivu. Fundi cherehani wa sokoni Ikungi, aliyenishonea karibu suruali zote nilizo nazo, amefariki. Mazishini watu walifurika mpaka barabarani. Nikajiuliza, siku yangu ikifika, wasomaji wa safu hii watajaza hata benchi moja?

Marehemu hakuwa na televisheni. Tamthilia ya polisi aliitazama mgahawani, na kesho yake akawasimulia wateja huku anashona. Mke wangu aliitazama nyumbani, kwenye televisheni niliyoinunua mimi, akisinzia kabla mtuhumiwa wa kwanza hajahojiwa. Kukicha anabeba sketi isiyo na kasoro, eti ikapunguzwe, anakwenda kusikiliza kipindi kilekile kwa fundi. Gazeti lenye safu yangu analitandika kwenye kabati la vyombo.

Siku moja nikamfuata. Kipindi kilihusu tajiri aliyeuawa na baba yake mkubwa. Fundi alimwingiza mpelelezi kwenye boma la wafiwa, akamfanya awasalimie wazee mmoja mmoja. "Shikamoo, baba mkubwa." Hapo akasimamisha cherehani. "Mzee kimya. Kinywa kimemkauka. Marahaba ataitoa wapi, na damu ya mtoto wa ndugu yake iko mikononi?" Wanawake wakaguna. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Fundi, jana alikamatwa kwa alama za vidole kwenye glasi. Na mpelelezi hakumsalimia mtu."

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake alinitazama juu mpaka chini. "Aingie kwa watu bila kusalimia? Basi huyo wa kwenye televisheni yako si polisi, mwanangu. Ni mwizi mwenzao."

Walicheka wote, mke wangu kuliko wote. Fundi peke yake hakucheka. "Mwandishi kasema kweli, bibi. Mimi siku hizi macho mabovu," alisema, akaendelea kushona. Hata wema wake huo ulinichoma.

Siku hizi kila mtu ana simu, na picha zinatufuata mpaka chumbani. Bado watu wanamtafuta atakayewaletea mambo ya mbali yafanane na ya kwao. Fundi aliyachukua mauaji ya mjini akayaweka katika boma letu, kwa adabu zetu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami safu hii nimeitembeza miaka mingi. Nimejifunza kwa uchungu kwamba kujua kilichotokea hakutoshi kumfanya mtu msimulizi. Sharti awajue wanaomsikiliza.

Juzi, siku chache baada ya mazishi, tamthilia ilipokwisha, mke wangu alikuwa macho. Akanigeukia. "Haya, baba, nisimulie."

Kauli hiyo nimeisubiri tangu tuoane. Nikasimulia kwa uwezo wangu wote, hata mikono nikaitumia. Alisikiliza mpaka mwisho, akalia. Mwandishi gani hafurahi kumliza msikilizaji? Lakini nilimtazama mke wangu akijifuta uso kwa kanga, nikajua machozi yale hayakuwa yangu.