Pampu Yetu kwenye Ramani ya Kamina

Nilikwenda Kamina kwa sababu ya maji. Pampu ya kijiji chetu, upande wa Kabondo-Dianda, ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka jana, na akina mama walikuwa wamerudia kuteka mtoni, pale ng'ombe wanapokunywa. Watoto waliharisha; mjukuu wangu mmoja alilazwa, Mungu akamrudisha. Mafundi wa pampu tuliwaona wakipita kwenda vijiji vingine. Kwetu hawakusimama.

Padri wetu akaniita, mimi katekista wake. Aliniambia kwamba Kamina kutakuwa na mkutano wa teknolojia, na kwamba watu watakaa mezani pamoja kutengeneza ramani ya vijiji, ileile ambayo mafundi wanaifuata. Nikaenda kumuaga mfumu, mkuu wa kijiji.

"Enda uangalie juu ya nini banatupita," aliniambia. "Lakini usituletee haya mbele ya bantu."

"Eyo, Vidye," nikajibu, kama tunavyomjibu mfumu.

Alfajiri nilipanda pikipiki ya Kabamba, kijana wa parokia. Mnajua barabara yetu: mchanga, kisha mashimo, kisha mchanga tena, na baiskeli za makaa zinazosukumwa na watu wanaotokwa jasho kabla ya jua. Nilifumba macho.

"Baba, unasali ao unalala?" Kabamba akauliza.

"Ninasali juu yako. Angalia njia."

"Basi sali na nguvu, daraja iko mbele."

Daraja lilikuwa magogo matatu. Tulishuka, yeye akasukuma, mimi nikafuata na mfuko wangu, na ng'ambo tukacheka kama watoto.

Jioni tuliingia Kamina. Wageni wa mkutano waligawiwa kwa familia za mji, na mimi nilipokelewa na Mama Ilunga, mwalimu, Mmethodisti wa tangu babu zake. Alipika bukari, ugali wa kwetu, na samaki wakavu wa Kinkondja, kisha akanipa heshima ya kuombea chakula.

"Lakini sala ya kifupi, Baba," akasema. "Siye Bamethodisti tunakulaka bukari ya moto."

Kesho yake tulikwenda pamoja. Katika ukumbi kulikuwa na meza nyingi, kila moja na kompyuta yake, na watu wa kila aina wameketi bega kwa bega: wauguzi, wakulima, wanafunzi, makarani. Dada aliyeongoza meza yetu, Jeanne, alitueleza kwamba habari za ramani hii ni za wazi. Kila mtu anaweza kuzisoma, kuzitumia, na kuzisahihisha akiwa anajua ukweli wake, mradi aweke jina lake. Nilipenda hilo. Hata ushuhuda wa kanisani una jina la mtu.

Jeanne alikitafuta kijiji chetu. Kilikuwepo, na juu yake alama ya kijani kibichi.

"Kijani maana yake nini?" nikauliza.

"Pompe iko inatoa mayi, Baba."

Nikaikumbuka siku wageni wa ramani walipofika na vyombo vyao kuandika habari za nyumba ya kuzalia na za pampu, nayo pampu ikiwa imeanza kukauka. Walimuuliza mfumu kama inafanya kazi. Mfumu akajibu kama sisi tunavyojibu: maji ni mazuri, tunashukuru sana, wasalimieni waliotutumia. Akawapa kuku. Kwetu mtu hamwambii mjumbe wa mtoaji kwamba zawadi imeharibika. Ni kama kumrudishia usoni.

Niliwaeleza wenzangu. Mama Ilunga akapiga makofi. "Kumbe mulijinyima mayi juu ya adabu!"

"Tubadilishe sasa hivi," Jeanne akasema, kidole kikiwa tayari. "Haifanyi kazi. Jina lako, Baba?"

Sikulitoa. Maneno hayo matupu yangesomwa na kila mtu, hata na wale waliotupa pampu, na chini yake jina langu. Mfumu alikuwa amenikataza. Lakini mtoni ng'ombe walikuwa wanakunywa na mjukuu wangu. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje, kivulini kando ya ukumbi, nikasali rozari polepole bila kumharakisha Mungu. Nikawakumbuka wale wakoma kumi wa Injili: aliyerudi kushukuru alirudi akiwa amesema kwanza kwamba anaumwa.

Niliporudi nikamwambia Jeanne, "Andika hivi: Tunashukuru kwa pampu. Ilitunywesha vizuri. Sasa imekufa, na tunaomba fundi."

"Baba, hapa tunaandikaka tu: haifanyi kazi."

"Basi jina langu silitoi."

Alinitazama, akatafuta, akapata chini kabisa nafasi ya maelezo. Aliandika yote, neno kwa neno, nami nikataja jina langu kwa sauti. Alama ikawa nyekundu.

"Bakatoliki!" Mama Ilunga akacheka. "Hata ramani munaipikia sala!"

Mchana wote tuliendelea na vijiji vingine ninavyovijua. Mama Ilunga aliandika, mimi nilitaja, na mara kwa mara mtu wa meza ya jirani alikuja kuuliza njia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitazamia, kama ile ya kupalilia shamba la jirani kwa pamoja.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mvua, lakini tulifika wazima. Nilijifunza kwamba shukrani inayoficha shida haimfikii mtoaji, inaishia mdomoni. Mafundi bado hawajafika ninapoandika haya, ila wamepiga simu kwa padri kuuliza pampu ni ya aina gani.

Siku ileile tuliyorudi nilikwenda kwa mfumu, nguo zikiwa bado na matope, nikamsomea maneno niliyoyaandikisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Banasoma vile bantu yote?"

"Wote, Vidye. Na shukrani zetu pia."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akainama karibu nami, akashusha sauti.

"Na nyumba ya kuzalia? Kwa ramani banaandika kama paa inavuya mvua?"

"Nilitazama, Vidye. Wameandika paa ni nzima."

Mfumu akajishika kiuno. "Wale bageni, niliwapa kuku mbili siku ile," akasema. "Muambie Kabamba aweke essence kwa pikipiki. Unarudia Kamina."