Ekzosi ya Mwangangi

"Wanyonyi, umeniharibia maisha! Hii ekzosi yako inakunywa petroli kama ng'ombe aliyelamba chumvi, na mimi ndiye ninaitwa mwizi!"

Mwangangi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Lakini asubuhi hiyo, mwaka wa tisini na nne, alisimama mbele ya kibanda cha Wanyonyi, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi, Nairobi, helmeti mkononi. Mimi nilikuwa kando yao nikikoroga uji wangu wa kuuza.

"Kelele uliitaka wewe," Wanyonyi akamjibu bila kuinua kichwa. "Nilikuambia bomba tupu, bila matumbo ya kumeza sauti ndani, litanguruma. Ukasema, 'Weka, weka!' Leo ni mimi?"

Kweli aliitaka. Mwangangi wa Komarock, mesenja wa kampuni ya dawa za mifugo, alikuwa mtu wa woga, na simcheki. Mwenzake wa kazi aligongwa na matatu ambayo dereva wake alisema hakusikia pikipiki ikija. Mwangangi alibeba jeneza hadi Machakos, na aliporudi akataka pikipiki yake isikike kutoka Donholm. Wanyonyi akamtolea ekzosi ya kiwandani, ile ya kutoa moshi kimyakimya, akamchomelea bomba la kitanda cha chuma. Akipita, kuku wanakimbilia ndani.

Basi petroli ikaanza kuisha. Meneja wake hujaza tangi Jumatatu, nalo limfikishe Ijumaa. Sasa Jumatano likawa kavu. Siku moja pikipiki ilimzimikia hapa karibu, akanijia macho mekundu, nikamkopesha chupa ya mafuta taa ya stovu yangu. Akachanganya na mabaki ya tangi, akaenda, moshi ukitufunika sote. Kumbe mtu wa ofisini kwao alimwona na chupa kando ya tangi. Maneno yakafika kwa meneja: Mwangangi anafyonza petroli ya kampuni na kuiuza Kariobangi.

"Meneja amesema ikiisha tena kabla ya Ijumaa, nitalala seli," Mwangangi akamwambia Wanyonyi asubuhi hiyo. "Na leo yamebaki matone tu, Wanyonyi. Seli! Watoto wangu..."

Hakumaliza. Pikapu ya kampuni, kumbe ilikuwa ikimfuata, ilisimama mbele yetu, akashuka meneja na askari wa langoni kwao. Mwangangi akashika nguzo ya kibanda changu.

"Fungua mkoba," meneja akasema.

Ndani kulikuwa na barua za kupeleka na chupa. Imejaa pomoni.

"Hii ni nini?"

Mwangangi akajibanza nyuma ya nguzo. Woga ulimfanya afanane na mwizi kabisa. Huku kwetu ukishaitwa mwizi hakuna anayengoja polisi. Tayari watu walikuwa wanaacha kazi na kusogea, mmoja na nyundo yake.

"Hiyo chupa ni yangu!" nikapaza sauti. "Ni mafuta taa! Alinikopa, ananirudishia. Nusa, kama pua yako inafanya kazi!"

Meneja akanusa, akakunja uso. "Ni mafuta taa. Haya. Na petroli yangu iko wapi?"

Tukamgeukia Wanyonyi. Mabomba yake mengine yalining'inia ukutani yakingoja wateja. Akayatazama, akatazama ile nyundo. Kisha akanyakua kitambaa cheupe cha kufunikia chapati zangu, wala hakuniomba, akapiga kiki na kukishika mbele ya mdomo wa bomba. Pikipiki ikanguruma hadi sufuria zangu zikacheza. Kitambaa kikalowa.

"Nusa na hiki, mkubwa."

"Petroli," meneja akasema polepole.

"Injini hii ni ya kuchanganya petroli na oili. Ekzosi yake ya kiwandani huirudisha petroli ndani ichomeke. Bomba langu linaiachia itoke mbichi." Akazima injini. "Nilijua. Lakini wateja wanapenda kelele."

Akaivuta ile ekzosi ya zamani chini ya meza, akaifunga palepale. Meneja akajaza tangi kwa mtungi wa petroli uliokuwa kwenye pikapu, wala hakuomba radhi. "Tutaona Ijumaa ya wiki ijayo," akasema, na chupa yangu ikaenda na askari.

Siku hizo Mwangangi alikonda. Akipita, anasimama kufungua tangi na kuchungulia kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Pikipiki ilikuwa kimya sasa, na matatu zikamrudishia woga wake wa kwanza juu ya ule wa pili. Akafunga honi ya mpira, ile ya baiskeli.

Ijumaa jioni nikaisikia ile honi. Akasimama, akaitikisa pikipiki.

"Sikia, Mama Nasike."

Ndani ya tangi petroli ilicheza, chwa, chwa.

"Meneja ameona?"

"Amechungulia mwenyewe. Jumatatu niko kazini." Akatoa chupa mkobani. "Wamenirudishia. Shika deni lako."

Nikaiinua kwenye mwanga. "Imepungua. Huyo askari alinusa sana."

"Mama Nasike, jamani!"

"Na kitambaa changu?"

"Hicho muulize Wanyonyi."

Nikamimina mafuta kwenye stovu, nikawasha, nikampashia uji. Akaunywa wote, kikombe amekishika kwa mikono miwili.